Kardigani Yenye Kola

Kardigani ni sweta lililo wazi mbele kutoka shingoni hadi kwenye pindo la chini na kufungwa kwa vifungo, na uwazi huo ndio unaolifanya lipendwe na wakazi wa nyanda za juu, kwa kuwa asubuhi ya Julai huko Njombe, Lushoto au Limuru huanza kwa ukungu na baridi inayopenya mifupani, kisha jua likipanda mvaaji hulifungua kidogo kidogo, au hulivua kabisa, bila kuvuruga kilemba wala nywele alizosukwa jana yake. Jina lenyewe limetokana na cheo cha James Brudenell, lodi wa saba wa Cardigan, ofisa wa Uingereza aliyeongoza askari wapanda farasi katika mapigano ya Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Lakini vazi hilo limekwisha kusahau vita, na Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa jina la sweta la vifungo, likiwa sehemu ya sare za wanafunzi, vazi la wauguzi wa zamu ya usiku na zawadi ambayo binti aliyeko mjini humpelekea mama yake kijijini.

Kola, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia ukosi, ni ile sehemu inayozunguka shingo kisha ikakunjwa na kulala juu ya mabega. Wafumaji wengi wa nyumbani huiogopa, nao huishia kufuma kardigani yenye shingo tupu iliyozungushiwa mistari miwili mitatu ya umaliziaji, wakiamini kwamba kola ni kazi ya fundi aliyebobea. Sura hii ina mtazamo tofauti: kola haihitaji mkono wenye ustadi kuliko ule unaofuma kitambaa cha duara cha kutandika kwenye meza ya sebuleni, ila inahitaji hesabu, na hesabu yenyewe haianzii shingoni bali kwenye kipande kidogo cha majaribio kinachofumwa kabla ya sweta kuanza.

Ufumaji unaozungumziwa hapa ni ule wa kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja yenye kulabu nchani, ambao jina lake limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo. Hutofautiana na ufumaji wa sindano mbili ndefu kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba katika sindano mbili vitanzi vyote vya mstari hubaki wazi kwa wakati mmoja, hata sindano ikichomoka vinaweza kufumuka makumi kwa pamoja, ilhali katika kroshia kila mshono hufungwa kabla ya unaofuata kuanza, na kinachobaki wazi ni kitanzi kimoja tu. Ndiyo maana kazi ya kroshia inaweza kuwekwa chini mara maji ya chai yanapochemka au mtoto anapolia, na ikikosewa hufumuliwa hadi penye kosa pasipo hofu ya kupoteza kitambaa kizima. Ufumaji huu pia ungali kazi ya mkono, kwa kuwa mashine za viwandani huiga sura yake tu bila kuufuata muundo wake halisi, hivyo kila kardigani ya kroshia ya kweli imepita mikononi mwa mtu, mshono baada ya mshono.

Historia ya kroshia na historia ya kola zimekutana zamani. Wakati wa njaa kuu iliyoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuangamiza viazi ambavyo maskini walivitegemea kwa chakula, masista katika nyumba za watawa na wanawake wenye uwezo waliwafundisha wasichana na akina mama kufuma kroshia ya uzi mwembamba ili wapate fedha za kununulia chakula, na miongoni mwa vitu vilivyofumwa na kuuzwa kwa wingi ni kola na mapambo ya ncha za mikono. Mji wa Clones, katika wilaya ya Monaghan, umebaki na jina katika ufumaji huo hadi leo. Kola, kwa hiyo, si pambo lililobandikwa juu ya kroshia siku za karibuni; ni moja ya kazi zilizoikuza, na kuna familia zilizovuka njaa kwa kola.

Afrika Mashariki ina urithi wake katika jambo hili. Vitambaa vyeupe vya kufuma vinavyotandikwa kwenye migongo ya makochi, juu ya redio na chini ya chombo cha maua vimefumwa na kizazi baada ya kizazi, katika madarasa ya sayansi kimu, katika vikundi vya akina mama makanisani na katika vibaraza vya nyumba jioni kazi zikiisha. Aliyewahi kufuma kitambaa cha duara anaijua kanuni ambayo ndiyo moyo wa sura hii, hata kama hajawahi kuitaja kwa maneno: duara hulala likiwa bapa pale tu idadi ya mishono inapoongezwa kwa kiasi sahihi katika kila mzunguko. Mishono isipoongezwa, kingo huinuka na kitambaa hugeuka kofia. Ikiongezwa kupita kiasi, kingo hujikunja na kufanya mawimbi kama pindo la gauni la rinda. Kola nayo ni sehemu ya duara iliyotobolewa katikati ili shingo ipite na kukatwa mbele ili ifunguke, na kila kasoro ya kola, iwe inasimama kama mdomo wa ndoo au inapeperuka kama sikio la tembo, hutokana na kanuni hiyohiyo kukiukwa.

Mishono inayohitajika ni michache. Mnyororo ni mfululizo wa vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine, nao ndio msingi wa kila kipande. Mshono mfupi hupatikana kwa kuingiza sindano chini ya nyuzi mbili za juu za mshono wa mstari uliotangulia, kuvuta uzi ili vitanzi viwili vibaki kwenye sindano, kisha kuvuta uzi tena kupita vyote viwili kwa pamoja. Mshono mrefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza, hivyo uzi ukishavutwa hubaki vitanzi vitatu, ambavyo hufungwa viwili viwili kwa hatua mbili. Mshono mfupi hutoa kitambaa kizito, kigumu kiasi, kisichovutika kwa urahisi. Mshono mrefu hutoa kitambaa chepesi kinachokua haraka na kuning'inia vizuri mwilini. Katika kardigani inayoelezwa hapa, mwili na mikono hufumwa kwa mshono mrefu, na sehemu zinazobeba mkazo, yaani ukanda wa vifungo na kola, hufumwa kwa mshono mfupi.

Msomaji anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu Waingereza na Wamarekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti: mshono mfupi wa sura hii huitwa wa mara mbili na Mwingereza lakini wa mara moja na Mmarekani, na ule mrefu huitwa wa mara tatu kule Uingereza na wa mara mbili kule Marekani. Asiyechunguza maelekezo yametoka wapi hushangaa kuona sweta lake linarefuka maradufu, au linakuwa gumu kama mkeka, ilhali amefuata kila neno.

Uzi huchaguliwa kwa kuzingatia hali ya hewa na uzito wa vazi. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu kidogo, lakini bei yake ni kubwa na hupatikana kwa shida katika maduka mengi ya mitaani. Akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, ni nyepesi, hufuliwa kwa urahisi na ndiyo iliyojaa madukani, ila haivumilii pasi ya moto, ambayo huulegeza uzi na kuufanya usirudi tena katika hali yake. Pamba ni baridi mwilini na inafaa Mombasa au Tanga kuliko Makete, lakini ni nzito na huvutika kwenda chini kadiri inavyovaliwa. Kwa kardigani ya baridi, akriliki ya unene wa kati au mchanganyiko wake na sufu, pamoja na sindano ya milimita 4.5, ni chaguo la busara kwa anayeanza. Uzi wote ununuliwe siku moja, na namba ya rangi iliyochapwa kwenye karatasi ya kila donge ilinganishwe, kwa sababu madonge yaliyotiwa rangi katika mikupuo tofauti huonekana sawa dukani, kisha hutofautiana waziwazi yakikaa pamoja juani.

Kipande cha majaribio ndicho hatua inayorukwa na wengi, na ndicho chanzo cha masweta mengi yaliyoishia kabatini. Mfumaji hufuma mishono mirefu 24 kwa mistari 13 akitumia uzi na sindano ileile atakayotumia kwenye sweta, hukifua kipande na kukikausha kikiwa kimetandazwa, kisha huweka rula katikati yake, mbali na kingo, na kuhesabu ni mishono mingapi na mistari mingapi inayoingia katika sentimita 10. Katika mfano wa sura hii imehesabiwa mishono 15 na mistari 8, na hesabu zote zinazofuata zimejengwa juu ya namba hizo mbili. Mkono wa mtu mwingine unaweza kutoa mishono 14, naye asidhani kwamba mshono mmoja ni jambo dogo: mgongo uliopangwa kuwa na mishono 75, yaani sentimita 50, kwa mkono huo hufikia karibu sentimita 54, na sweta zima huzidi kwa takribani sentimita 7, ambazo zinatosha kulifanya lionekane la kuazima. Dawa yake ni kubadilisha sindano, si kukaza mkono, kwa kuwa mkono uliokazwa kwa makusudi husahau baada ya mistari michache na kurudi kwenye mazoea yake.

Kipande hichohicho husaidia kukadiria uzi. Kina ukubwa wa takriban sentimita 16 kwa 16, na kardigani ya mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 92, pamoja na mikono na kola, ina eneo linalolingana na vipande kama 35 vya aina hiyo. Kikipimwa kwenye mizani ya jikoni na kuonekana kina gramu 16, sweta litahitaji kama gramu 560, na mwenye tahadhari ataongeza sehemu moja ya kumi, kwa kuwa kuishiwa uzi kabla ya kufikia kola ni balaa linaloweza kuepukwa.

Vipimo vya mwili huchukuliwa kwa tepu ya fundi: mzunguko wa kifua, urefu kutoka begani hadi nyonga, urefu wa mkono kutoka kwapani, mzunguko wa kiganja kilichokunjwa ili kipite, na mzunguko wa shingo pale inapokutana na mabega. Hiki cha mwisho ndicho kinachoamua kola, na ni lazima kijulikane kabla ya kitanzi cha kwanza cha mgongo, kwa sababu upana wa shingo hukatwa kutoka kwenye upana wa mgongo, na mgongo ukishakamilika shingo haina pa kukimbilia. Kwa mfano huu kifua kina sentimita 92, na huongezwa sentimita 8 ili vazi lisibane na liweze kuvaliwa juu ya blauzi, hivyo mzunguko wa sweta ni sentimita 100. Shingo ina sentimita 37, na tundu lake litakuwa karibu sentimita 40.

Mgongo huanza kwa mnyororo wa vitanzi 77. Mshono mrefu wa kwanza huingia katika kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano, kwa kuwa vitanzi vitatu vilivyorukwa husimama mahali pa mshono mmoja mrefu, na mwisho wa mstari hupatikana mishono 75. Kila mstari mpya hutanguliwa na vitanzi vitatu vya kupandia, navyo huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Anayesahau kufuma juu ya vitanzi hivyo anapofika mwisho wa mstari hupoteza mshono mmoja kila mara, na mgongo wake huanza kuchongoka kama hema. Hufumwa mistari 30, ambayo ni karibu sentimita 38, hadi kwapani. Hapo huachwa mishono 5 kila upande, na kazi huendelea kwa mishono 65 iliyobaki kwa mistari 16 zaidi hadi mabegani. Mishono hiyo 65 hugawanywa mara tatu: 20 ni bega la kulia, 20 bega la kushoto, na 25 ya katikati, yenye upana wa karibu sentimita 17, ni shingo ya nyuma.

Vipande viwili vya mbele huwa na mishono 35 kila kimoja, si 37 kama nusu ya mgongo ingedai, kwa sababu ukanda wa vifungo wenye upana wa karibu sentimita 3 utaongezwa baadaye, na kanda mbili zinapolaliana hujaza nafasi hiyo. Baada ya mistari 30 huachwa mishono 5 upande wa kwapa, ikabaki 30. Hufumwa mistari 10 mingine, na kuanzia hapo shingo ya mbele hukatwa kwa kuacha mishono 5 upande wa katikati katika mstari mmoja, kisha kupunguza mshono mmoja upande huohuo katika kila mmoja wa mistari 5 inayofuata. Mishono 20 inayobaki hulingana na bega la mgongo. Vipande vyote viwili hufuata hesabu ileile, lakini hutazamana kama viganja vya mikono, na ni vyema vifumwe kwa kufuatana siku za karibu, kwa sababu mkono wa mtu hulegea na kukaza kulingana na uchovu na hata hali ya moyo.

Mabega huunganishwa mapema, kabla ya mikono. Mshono wa mabega hubeba uzito wote wa vazi, kwa hiyo haufai kuachwa ulegee. Njia imara ni kuweka vipande uso kwa uso na kuviunganisha kwa mishono mifupi inayopita katika nyuzi za vipande vyote viwili, ambayo huacha ukingo mdogo ndani lakini haivutiki. Mikono ina maelezo mafupi: kila mmoja huanza kwa mishono 34 kwenye kifundo, huongezwa mshono mmoja kila upande katika kila mstari wa pili mara 13 hadi ifike 60, kisha hufumwa bila kuongeza hadi mistari 36 itimie. Sentimita 3 za juu za kila ubavu wa mkono huachwa bila kushonwa, kwa sababu ndizo zitakazokaa katika ile nafasi ya mishono 5 iliyoachwa kwapani.

Ukanda wa vifungo hufumwa kwenye ukingo wa mbele uliosimama, ambao hauna mishono ya kuingizia sindano bali mbavu za mistari mirefu. Hapa hutokea kosa linaloharibu kardigani nyingi zilizofumwa vizuri. Mfumaji akiingiza mishono mifupi michache mno, ukanda huvuta ukingo juu na sweta huwa fupi mbele kuliko nyuma. Akiingiza mingi mno, ukanda hupinda kama nyoka. Kwa kipimo cha mfano huu, mistari 8 ya mwili ina urefu wa sentimita 10, nayo huchukua mishono mifupi 15: yaani mishono miwili katika kila mstari, isipokuwa mmoja tu katika mstari wa nane. Mistari 40 iliyo chini ya shingo hutoa mishono 75 kamili. Ukanda una mistari 5, na katika mstari wa tatu wa upande wa kulia, ambao kwa desturi ndio wenye matundu katika mavazi ya wanawake, hufumwa mishono 4, kisha vitanzi 2 vya mnyororo vikiruka mishono 2, ambavyo ndivyo tundu. Halafu mishono 11 na tundu jingine, na kuendelea hivyo hadi matundu 6 yatimie na mishono 4 ibaki juu. Vifungo vinunuliwe kabla ya mstari huo, na kimoja kijaribiwe kwenye kipande cha majaribio, kwa maana tundu la kroshia hutanuka kwa matumizi, na kifungo kinachopita bila kusukumwa siku ya kwanza hakitakaa mwezi.

Baada ya kanda mbili kukamilika ndipo kola huanza. Mfumaji huhesabu mishono atakayookota kuzunguka shingo: 25 ya nyuma, kila upande wa mbele 5 iliyoachwa, na 12 katika ubavu wa mistari 6 iliyopunguzwa, jumla 17, na 2 katika nusu ya ndani ya kila ukanda. Jumla kuu ni 63. Nusu ya nje ya kila ukanda huachwa tupu kwa makusudi, kwa sababu sweta likifungwa kanda mbili hulaliana, na kama kola ingeanzia kwenye ukingo wa nje, ncha zake zingepandana chini ya kidevu na kufanya uvimbe. Ikianzia katikati ya ukanda, ncha mbili hukutana bila kugongana.

Kuna jambo la pili linalohitaji kuzingatiwa kabla ya sindano kuingia. Kola hukunjwa, na upande unaotazama ndani wakati wa kufuma ndio utakaoonekana nje itakapolala mabegani. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kola hufumwa huku upande wa ndani wa sweta ukimtazama mfumaji, kinyume cha mazoea ya kazi nyingine zote, na ukingo mdogo wa kuokotea mishono hujificha chini ya kola badala ya kubaki juu kama kovu. Aliyesahau hili hagundui kosa lake hadi mistari yote 12 imekwisha.

Mistari mitatu ya kwanza hufumwa kwa sindano ndogo zaidi, ya milimita 4, pasipo kuongeza mshono wowote. Hii huitwa hapa kisimamio, yaani sehemu fupi ya kola inayosimama kuizunguka shingo kabla ya mkunjo, na kazi yake ni kuishika shingo isitanuke kwa uzito wa vazi. Kuanzia mstari wa nne mfumaji hurudi kwenye sindano ya milimita 4.5, na hapa ile kanuni ya kitambaa cha duara huanza kufanya kazi. Kola yenye upana wa sentimita 7 ambayo ingelala bapa kabisa kuzunguka tundu la sentimita 40 ingehitaji ukingo wa nje wa karibu sentimita 84, kwa kuwa kila sentimita ya upana huongeza zaidi ya sentimita 6 katika mzunguko wa duara. Kola ya kardigani hailali bapa hivyo, kwa sababu sehemu yake husimama na sehemu hukunjwa, nayo huhitaji ongezeko lililo katikati ya kofia na kitambaa cha mezani. Katika mfano huu huongezwa mishono 6 katika mstari wa nne, wa sita, wa nane na wa kumi, na idadi hupanda kutoka 63 hadi 87, hivyo ukingo wa nje hufikia sentimita 58, urefu unaotosha kuzunguka mwanzo wa mabega bila kubana.

Mahali pa kuongezea pana uzito sawa na idadi yenyewe. Mishono miwili katika mshono mmoja, ikiwekwa juu ya nyongeza ya mstari uliotangulia, hujipanga na kufanya pembe, na kola huonekana kama imekunjwa kwa karatasi; kwa hiyo nyongeza husogezwa kidogo katika kila mstari. Nyingi huwekwa karibu na mishono ya mabega, ambako kola inahitaji kupanuka zaidi, na chache nyuma ya shingo. Anayependa ncha kali kama za shati ataweka mbili kati ya hizo 6 kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa mstari. Anayependa ncha za mviringo ataacha kufanya hivyo, na katika mistari miwili ya mwisho atapunguza mshono mmoja kila upande. Mstari wa kumi na mbili hufumwa bila kuongeza, kwa sindano ileile, ili ukingo ujitulize.

Ndipo mikono huunganishwa, mbavu hushonwa, na ncha za nyuzi huchomekwa ndani kwa sindano butu, kila moja kwa angalau sentimita 5 na kurudishwa nyuma kidogo, kwa maana ncha iliyokatwa fupi hujitokeza baada ya kufuliwa mara ya pili. Sweta hulowekwa katika maji ya vuguvugu, hukamuliwa kwa kufungwa ndani ya taulo na kukandamizwa badala ya kusokotwa, kisha hutandazwa juu ya mkeka safi kivulini likiwa limenyooshwa kwa vipimo vyake. Halitundikwi kwenye kamba hata kidogo, kwa sababu uzito wa maji hulivuta mabega na kurefusha mikono, na kazi ya wiki kadhaa huharibika kwa alasiri moja. Kola hukunjwa sweta likiwa bado bichi na kuachwa ikauke katika mkunjo wake. Vifungo hushonwa sweta likishakauka.

Likivaliwa kwa mara ya kwanza mbele ya kioo, kola itasema yenyewe kama hesabu ilikuwa sawa. Ikisimama na kugusa masikio, nyongeza zilikuwa chache. Ikifanya mawimbi, zilikuwa nyingi. Katika hali zote mbili mfumaji asilitupe sweta wala asiridhike na kasoro hiyo, bali afumue kola hadi mstari wa tatu, abadilishe 6 iwe 8 au 4, na kufuma upya mistari 9 iliyobaki. Mwili, mikono na kanda za vifungo hubaki kama zilivyo.